Ustoiko, kujikaza na kunyamaza: mambo matatu ambayo vijana wa ziwani hufundishwa kama jambo moja

Kijana anayeendesha bodaboda kati ya Buzuruga na Igoma jijini Mwanza, au anayevua dagaa usiku katika Ziwa Viktoria kutoka kambi za Igombe na Kayenze, hahitaji siku hizi kuingia chuo chochote ili akutane na wanafalsafa wa Roma ya kale. Simu yake inamletea. Mara nyingi ni video fupi yenye kichwa cha mwanamume kilichochongwa kwa jiwe jeupe, muziki mzito, na sauti inayomwambia kwamba mwanaume kamili hamwonyeshi mtu udhaifu wake, hamhitaji mtu, halalamiki wala halii, na kwamba akiachwa na mpenzi au akifiwa huendelea na kazi kana kwamba hapakutokea neno. Chini ya picha huandikwa jina la Marcus Aurelius, la Seneca au la Epictetus, na mafundisho yenyewe huitwa Ustoiko.

Mafundisho hayo hupokelewa kwa urahisi kwa sababu yanafanana na yale ambayo kijana ameyasikia tangu utotoni. Alipoanguka kwenye mawe ya Mabatini akachubuka goti, aliambiwa ajikaze kiume. Alipomzika baba yake aliambiwa kwamba sasa yeye ndiye mwanaume wa nyumba, na kwamba wadogo zake wanamtazama. Baadaye kijiweni akafundishwa kuwa na kifua, yaani kubeba siri na maumivu yake mwenyewe bila kuyatoa nje. Mtu anapomletea maneno ya mfalme wa Roma yanayoonekana kuthibitisha hayo yote, anaona kwamba hekima ya kale imekubaliana na wazee wa kwao, na kwamba kilichobaki ni yeye kutii.

Makala haya yanakusudia kutenganisha nyuzi tatu ambazo zimesokotwa pamoja. Kuna Ustoiko wenyewe, shule ya falsafa yenye historia na mafundisho yanayojulikana. Kuna kujikaza, ule uthabiti ambao kazi za hatari za ziwa hili zinamdai mtu, mwanamume au mwanamke. Na kuna kunyamaza, desturi ya kuficha huzuni, hofu na aibu mpaka mwenyewe asijue tena ameficha nini. Nasema tangu mwanzo kwamba nayaheshimu mawili ya kwanza kwa moyo wote, na kwamba hili la tatu linawagharimu vijana wetu maisha yao.

Wastoiko walifundisha nini

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana nao. Katika Matendo ya Mitume sura ya 17, Paulo alipofika Athene, baadhi ya Waepikureo na Wastoiko walikutana naye na kujadiliana naye. Wakati huo shule ya Wastoiko ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Mwanzilishi wake, Zeno, alizaliwa Kitioni katika kisiwa cha Kupro, na inasimuliwa kwamba alikuwa mfanyabiashara aliyepoteza shehena yake merikebu ilipovunjika, akabaki Athene bila mali, akaanza kusoma falsafa. Karibu mwaka 300 KK alianza kufundisha mwenyewe katika ukumbi wa wazi wenye nguzo na michoro, mahali pa watu wote, karibu na soko. Vitabu vyake vimepotea. Mengi tunayoyajua kwa urefu yanatoka kwa watu watatu wa zama za Warumi ambao hali zao zilitofautiana sana: Seneca, tajiri na mshauri wa mfalme Nero, aliyelazimishwa kufa mwaka 65 BK, Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na kuishi akiwa kiwete, ambaye hakuandika chochote, na maneno yake tunayo kwa sababu mwanafunzi wake Arrian aliyaandika, na Marcus Aurelius, mfalme kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliyejiandikia daftari la kujikumbusha, kwa Kiyunani, bila kukusudia lisomwe na watu.

Kiini cha mafundisho ya Epictetus ni mgawanyo mmoja. Yapo mambo yaliyo chini ya uwezo wetu, nayo ni hukumu zetu, matamanio yetu na namna tunavyoamua kutenda. Na yapo yasiyo chini ya uwezo wetu, kama vile mwili, mali, sifa na cheo. Anayeyafanya haya ya pili kuwa msingi wa utulivu wake atakuwa mtumwa wa kila mwenye uwezo wa kuyachukua. Naelewa kabisa kwa nini maneno haya yanamgusa kijana wa kambi ya uvuvi. Mtumbwi ni wa tajiri, nyavu ni za tajiri, injini ni ya tajiri. Gharama za mafuta na chakula hukatwa kabla ya kugawana. Bei ya dagaa hupangwa na wanunuzi wa soko la Mwaloni Kirumba. Na upepo haumwulizi mtu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba lipo eneo moja ambalo hakuna tajiri anayeweza kulikata ni kumpa heshima ambayo wengi hawajawahi kumpa, na kumbuka kwamba aliyesema hivyo alikuwa amemilikiwa na mtu mwingine kama mali.

Wala mgawanyo huo haukuwa amri ya kuvumilia dhuluma kimya kimya. Epictetus aliwasimulia wanafunzi wake habari za Helvidius Priscus, mjumbe wa baraza la Roma, ambaye mfalme Vespasian alimtaka asihudhurie kikao, na kama atahudhuria basi anyamaze. Helvidius alijibu kwamba ni juu ya mfalme kumwondoa barazani, lakini maadamu yeye ni mjumbe lazima aende, na akiulizwa maoni lazima aseme lile analoliona kuwa haki. Kilichokuwa chini ya uwezo wake ni ulimi wake, na alikataa kuutoa.

Sasa tuje kwenye hisia, kwa maana hapa ndipo upotoshaji ulipo. Ni kweli kwamba Wastoiko walitaka mtu awe huru na mihemko mikali, na walisema hivyo bila kuficha. Lakini walikuwa na maelezo makini ya namna mhemko unavyozaliwa, na bila maelezo hayo mafundisho yao hayaeleweki. Mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius anasimulia kwamba alikuwa melini akivuka bahari kuelekea Italia, dhoruba ikawakamata usiku, na ndani ya meli alikuwamo mwanafalsafa mashuhuri wa Kistoiko. Gellius alimtazama ili aone atafanyaje. Mwanafalsafa hakupiga kelele kama wengine, lakini uso wake ulisawijika kwa hofu kama wa abiria yeyote. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja alimdhihaki. Gellius akamwendea kwa faragha kumwuliza, naye akatoa mkobani kitabu cha mafundisho ya Epictetus kinachoeleza kwamba mshtuko wa kwanza hauko chini ya uwezo wa mtu yeyote: hata mwenye hekima atabadilika rangi, moyo utamruka, mwili utajikunja. Kilicho chake ni hatua inayofuata, pale anapoamua kuukubali au kuukataa ujumbe ule unaosema kwamba huu ndio mwisho wa kila kitu.

Nimekaa na hadithi hii kwa sababu inavunja video zote zile kwa pigo moja. Mstoiko wa kweli katika dhoruba alikuwa na hofu, hofu yake ilionekana usoni, alipoulizwa alikiri, na alieleza.

Seneca naye, katika barua aliyomwandikia rafiki yake Lucilius aliyefiwa na rafiki aitwaye Flaccus, anasema macho yasikauke tunapompoteza rafiki, wala yasifurike. Kisha, kuelekea mwisho, anakiri kwamba yeye mwenyewe anayeandika hayo alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus kupita kiasi. Kuhusu Marcus Aurelius, wasifu wa kale wa wafalme wa Roma unasimulia kwamba alipokuwa kijana alifiwa na mlezi wake akalia, na watumishi wa ikulu walipomzuia, baba yake wa kupanga, mfalme Antoninus Pius, aliwaambia wamwache awe binadamu, kwani wala falsafa wala ufalme hauondoi hisia. Naye Epictetus alisema wazi kwamba hapaswi kuwa mtu asiyehisi kitu, kama sanamu, bali anapaswa kutunza mahusiano yake akiwa mcha Mungu, mwana, ndugu, baba na raia. Sanamu ndiyo picha ambayo watengenezaji wa video wamechagua kuwatambulisha watu hawa, na sanamu ndiyo kitu ambacho mwalimu wao alikitaja kwa jina akakikataa.

Baba aliyemkimbia mtoto

Kati ya mazungumzo ya Epictetus yaliyohifadhiwa, lipo moja ambalo ningependa kila kijana wa Mwanza alisikie. Ofisa mmoja alimtembelea, wakazungumza habari za familia, naye akasema kwamba binti yake mdogo alipougua hivi karibuni hakuweza kuvumilia kukaa karibu naye. Alitoka nyumbani akakimbia, akakaa mbali mpaka alipoletewa habari kwamba mtoto amepata nafuu. Alidhani hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa baba yeyote anayempenda mwanawe.

Mwalimu hakumkemea kwa kuwa na uchungu. Alimwuliza maswali, moja baada ya jingine. Je, mama yake anampenda mtoto? Anampenda. Je, naye alipaswa kukimbia? Hapana. Yaya anampenda? Ndiyo. Je, alipaswa kumwacha? Hata kidogo. Kwa hiyo, kama wote wanaompenda wangefanya kama baba, mtoto angebaki peke yake mikononi mwa wasiomjali. Je, wewe ungependa kupendwa na watu wako kwa namna hiyo, kiasi kwamba kila unapougua wakuache? Taratibu yule baba akaona kwamba kilichomtoa nyumbani haukuwa upendo. Ilikuwa ni hukumu aliyoitoa ndani yake, kwamba yeye hawezi kuyabeba yale, na kwamba kukimbia ni afadhali.

Mtu aliyewahi kuuguza katika hospitali zetu, iwe Bugando au Sekou Toure, anamjua baba huyu. Mama yuko wodini amekaa kwenye ukingo wa kitanda, na baba yuko nje chini ya mti, anapiga simu, anatafuta fedha, anauliza kwa mbali hali ikoje, na akiingia anasimama mlangoni kwa dakika chache kisha anatoka. Kutafuta fedha ni kazi ya lazima na siidharau. Lakini wengi wa wanaume hawa wakikuambia ukweli watakuambia kwamba wanaogopa kulia mbele ya mtoto, na kwa sababu wamefundishwa kwamba machozi yatawavunjia heshima, wanamnyima mtoto uwepo wao ili kuilinda sura yao. Hapo mafundisho ya video na mafundisho ya Epictetus yanagongana uso kwa uso. Video ingemsifu baba kwa macho makavu. Epictetus angemwambia arudi wodini akakae, na kama machozi yatatoka, yatoke.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wa uanaume wa mtandaoni hawalisemi. Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus mwenyewe, alifundisha kwamba wema ni uleule kwa mwanamume na mwanamke, na kwamba mabinti wanapaswa kusomeshwa falsafa sawa na wavulana. Ushujaa, kiasi, haki na hekima havikuwa mali ya jinsia moja. Anayefundisha Ustoiko kama siri ya kuwashinda wanawake amebuni dini yake mwenyewe.

Saa ya hatari na saa nyingine zote

Kujikaza nako kuna haki yake, na mtu wa mbali asiyeijua kazi ya ziwa hapaswi kukubeza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola, kwa sababu mwanga ndio unaowakusanya. Usiku huohuo ndio wakati wa dhoruba za Ziwa Viktoria: nchi kavu hupoa upesi baada ya jua kuzama, maji hubaki na joto, upepo wa pande zote hutoka nchi kavu na kukutana juu ya ziwa, hewa ya joto hupanda na radi huanza. Wimbi likiinuka na injini ikazima, mtumbwi unahitaji watu ambao mikono yao inafanya kazi: mmoja anachota maji, mwingine anashika kasia, mwingine anakata wavu. Hofu ipo kwa wote, na hakuna nafasi ya kuizungumza.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kati ya Bugolora na Ukara, wakazi na wavuvi walitoka na mitumbwi yao kuokoa watu. Watu 228 walikufa. Wale waliotoa miili majini, mingine ya jirani zao, walijikaza, na ilikuwa sawa na haki kujikaza, kwa maana kazi ile haikuweza kufanywa vinginevyo. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na ziwa likachukua mamia ya watu. Wengi wao wamezikwa Igoma. Familia za mwambao huu zinajua maana ya kufanya lililo lazima huku moyo umepasuka.

Kosa letu linaanza pale saa ya hatari inapokwisha na amri ya kujikaza isikome. Kijana aliyeshika maiti majini anaambiwa jikaze wakati wa kazi, anaambiwa jikaze wakati wa maziko, anaambiwa jikaze mwezi unaofuata asipopata usingizi, na mwaka unaofuata akianza kunywa kila jioni haambiwi kitu tena, kwa sababu mwanaume kunywa si habari. Kujikaza ni kuahirisha. Kila kilichoahirishwa kinahitaji siku yake, na siku hiyo hatuipangi.

Kinachotokea ndani ya anayenyamaza

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa vipimo. Mwaka 1993, James Gross na Robert Levenson wa Marekani waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, na baadhi yao wakaagizwa wasionyeshe usoni wanachohisi. Waliweza: nyuso zilitulia. Lakini walipoulizwa walihisi machukizo sawasawa na wenzao, na mwili ulitoa ishara za kuhamanika zaidi, kama vile jasho la ngozi. Uso uliofungwa haukuwa umezima kitu. Mwaka 2003, Gross na Oliver John walilinganisha njia mbili za kushughulika na hisia. Njia ya kwanza ni kulitazama upya jambo lenyewe mapema, kabla mhemko haujakomaa, kwa kuuliza lina maana gani hasa. Njia ya pili ni kuuacha mhemko ukue kisha kuuzuia usionekane. Waliozoea njia ya kwanza walikuwa na furaha zaidi na uhusiano mzuri zaidi na watu. Waliozoea ya pili walikuwa na hali mbaya zaidi katika yote mawili. Na wanaume waliitumia hii ya pili kuliko wanawake.

Njia ya kwanza ndiyo ya Epictetus, ambaye alisema kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na hukumu zao juu ya mambo hayo. Albert Ellis katika miaka ya 1950 na Aaron Beck katika miaka ya 1960, walioanzisha tiba ya kubadili fikra ambayo leo hutumika duniani kote kutibu sonona na wasiwasi uliopindukia, wote walikiri deni lao kwa Wastoiko. Tiba hiyo hufanyika kwa kuzungumza: mgonjwa hutoa nje wazo lililomkaa, mtu mwingine humsaidia kulikagua. Huwezi kuikagua hukumu ambayo hujaitamka hata kwako mwenyewe. Kwa hiyo kunyamaza hakumpeleki mtu nusu ya njia kuelekea Ustoiko. Kunamfungia mlango wa kuingilia.

Ni haki kusema pia kwamba upotoshaji huu haukuanza na simu. Mwaka 1995 watafiti wa Liverpool, Wagstaff na Rowledge, walitunga kipimo cha tabia ambayo Waingereza huiita kwa jina la shule hii, wakimaanisha kutojihusisha na hisia, kutozionyesha, na kustahimili. Wanaume walipata alama za juu kuliko wanawake, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba wenye alama za juu hawapendi kwenda kutafuta msaada wa kisaikolojia. Hicho ndicho kimeenea duniani kwa jina la Zeno: tabia ya kukaa kimya, iliyokatwa kutoka kwenye mafunzo yaliyoipa jina.

Hisia moja tu ndiyo iliyobaki halali kwa mwanaume, nayo ni hasira. Kijana aliyefiwa, aliyefilisika, aliyeaibishwa na mkwe au aliyeachwa hatasema nina huzuni au naona aibu. Atagombana kijiweni, atavunja vitu, atampiga mkewe, na watu watasema jamaa ana hasira, kana kwamba wamekwisha kumweleza. Huzuni yake imevaa nguo pekee inayoruhusiwa kutoka nje. Sasa basi, Wastoiko waliihesabu hasira kuwa mbaya kuliko mihemko yote. Seneca aliiandikia vitabu vitatu, akaiita wazimu wa muda mfupi, na dawa yake ya kwanza ilikuwa kuchelewa. Kijana anayejiita Mstoiko na wakati huohuo akajivunia kwamba hachezewi, amechukua ukimya ambao shule haikuufundisha na kuacha katazo ambalo shule ililisisitiza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kiwango cha vifo hivyo kwa wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake, ingawa sonona hugunduliwa zaidi kwa wanawake. Maelezo yake ni mengi, lakini mojawapo liko mbele ya macho yetu: mwanamke akisema ameelemewa na mawazo, ndugu zake humkalia karibu, na mwanaume hasemi mpaka anapokuwa hana nguvu ya kusema.

Wanaume wa kwetu walikuwa na mahali pa kusemea

Wapo wanaoamini kwamba kumtaka mwanaume azungumze yaliyo moyoni ni desturi ya kigeni. Naona kinyume chake, na ushahidi uko hapahapa. Katika ngoma za mashindano za Wasukuma, kati ya makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, ambazo kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora pale Kisesa, watunzi wanaume walisimama mbele ya umati wakaimba njaa, madeni, vifo na uonevu. Katika matanga, wanaume walikesha nje kuzunguka moto kwa siku kadhaa, wakimzungumza marehemu, na mfiwa akaachwa aongee au alie usiku, watani wakimfanya acheke alipozidiwa. Leo tunazika, tunakula, tunaondoka kabla ya magharibi, na mfiwa anabaki na simu yake.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mhusika wake mkuu, Myombekere, hakumwacha mkewe kwa kukosa mtoto, na wakwe walipomchukua binti yao, alifunga safari kuwaendea akaomba arudishiwe. Mwanaume wa kisiwani wa zamani, katika kumbukumbu ya mzee wa kisiwani, aliweza kwenda mbele ya watu akaonyesha kwamba anamhitaji mtu. Mwandishi hakumdhalilisha kwa hilo, alimfanya shujaa.

Na dini zetu hazikudai macho makavu. Injili ya Yohana inasema Yesu akalia machozi. Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa machozi, na maswahaba waliposhangaa alisema kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, nasi hatusemi ila lile linalomridhisha Mola wetu. Shehe na padri wa mwambao huu wanayajua maandiko haya. Ningependa wayasome zaidi mbele ya vijana wa kiume, na hasa msibani.

Kuhusu msaada, Marcus Aurelius alijiandikia jambo ambalo video hazilinukuu. Alisema usione aibu kusaidiwa, kwa maana kazi yako ni kutimiza wajibu kama askari anayepanda ukuta wa adui. Je, itakuwaje kama wewe ni kilema na huwezi kuupanda peke yako, lakini ukishikwa mkono na mwenzako unaweza? Wavuvi wa dagaa wana siku zao za kupumzika kila mwezi, pale mbalamwezi inapokuwa kali na taa zikawa hazivuti samaki. Siku hizo kambini huisha kwa pombe na karata. Nahodha mmoja mwenye umri mkubwa, anayeheshimika, akiamua kusema mbele ya vijana wake kwamba naye baada ya ajali fulani hakulala usingizi kwa muda mrefu, atakuwa amefanya ambacho mabango ya afya hayawezi.

Kwa aliyezidiwa, Bugando ina madaktari wa magonjwa ya akili, na kuanza katika kituo cha afya kilicho karibu kunatosha kupata rufaa. Lakini lipo zuio ambalo kijana hawezi kuliondoa kwa ujasiri wake mwenyewe. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia inayomkimbiza kijana wake hospitalini usiku huogopa kumweleza daktari ukweli, ikasema amekula kitu kibaya. Akitibiwa tumbo, akaruhusiwa, anarudi nyumbani na kilekile kilichomfikisha hapo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa, ambao wamewazika vijana wengi katika majimbo yao, wana sababu ya kutosha ya kulipeleka suala hili bungeni.